Nusu Kikombe

Fundi Chipanda hakupima kwa futi.
Alipima kwa shubiri, kisha kwa jicho,
kisha akalala chali chini ya Land Rova yangu
juu ya boksi la sabuni lililokunjuliwa.
Leta tochi, Somoe. Maneno baadaye.

Mtungi wa hewa aliutoa kwenye Fuso
iliyofia Kitangari na shehena ya salfa:
mweusi, una kovu la kuchomelea ubavuni.
Aliugonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza
kama mnunuzi wa nazi.
Huu mzima, akasema. Umezoea kubanwa.

Kazi ikawa ni wapi pa kuifunga kompresa.
Haitaki tope, haitaki joto la injini,
haitaki kuvuta vumbi la njia ya Mkunya
ambalo sisi wenyewe tunalivuta bila chujio.
Asubuhi nzima tulibishana juu ya tundu moja la bolti.
Akaikalisha nyuma ya kiti cha abiria
juu ya vipande vinne vya tairi kuukuu,
ili itetemeke peke yake.

Halafu mabomba.
Kwenye kichwa cha kompresa, mpira wenye nyuzi za chuma,
maana hewa ikibanwa hutoka na hasira ya moto.
Halafu valvu inayopitisha upande mmoja tu,
mlinzi asiyepokea hongo.
Halafu shaba, kaikunja taratibu kwenye goti lake,
ikapita mbali na ekzosi
kama mkwe anavyokwepa mlango wa mkwewe.

Utepe mweupe uzungushwe kufuata nyuzi za skrubu.
Mimi niliuzungusha kinyume.
Hakunigombeza. Aliuchana, akaanza upya,
na hilo liliniuma zaidi.

Saa kumi tukawasha.
Sindano ya geji ikapanda: ishirini, arobaini, tisini.
Nikazima, nikapiga kigelegele.
Ikashuka: themanini na nane. Themanini na tano.
Chipanda akatikisa kichwa, akaomba maji kikombe kimoja.

Nikasita. Newala maji hayaombwi hivi hivi.
Yanapandishwa mlima kwa baiskeli, madumu manne,
na bei yake hupanda nayo.
Nikampa.
Akakoroga sabuni ya mche, akapaka povu kila kiungo
kwa brashi ya kunyolea ndevu,
hadi kiungo kimoja, kile nilichokifunga mwenyewe
alipokwenda kuswali adhuhuri,
kikaanza kutoa mapovu madogo,
moja, jingine, jingine,
kama mtoto anayejifunza kusema jina langu.

Sasa nikifika kwenye mchanga nashusha upepo,
magurudumu yanalala, gari linaelea,
na ng'ambo ya pili nabonyeza swichi.
Zamani ilikuwa pampu ya mguu:
mateke mia tatu kwa tairi, na tairi ni nne,
na wapita njia wakihesabu nami.

Wa kwanza kunisimamisha alikuwa mchota maji,
Namtumba, tairi la nyuma limelala chapati.
Kisha wenzake wanane.
Nilitaka kutoza mia mia.
Nikakumbuka mimi hununua maji kwao,
nikaona hesabu itanishinda,
nikawajazia.

Neno la mwisho la fundi lilikuwa hili:
jioni fungua koki ya chini ya mtungi, usisahau.
Nikafungua. Hewa ikapiga mluzi, ikakohoa,
yakatoka maji.
Nusu kikombe, rangi ya kutu.

Bibi yangu aliteremka gema usiku wa manane
na mtungi wa udongo kichwani,
akarudi jua limepanda, njia ile ile,
akipita katikati ya hewa hii hii.

Nilikaa na kile kikombe mkononi muda mrefu.
Yalinuka mafuta ya mashine.
Nikamwekea kuku.
Akachungulia, akanitazama mimi,
akaenda zake.